Kabla Hujashika Mkasi

Februari imeingia na najua unajua maana yake. Madukani kila kitu kimegeuka chekundu, simu zimejaa matangazo ya chakula cha usiku cha watu wawili, na lile waridi ambalo mwezi uliopita hukulitazama mara mbili sasa lina bei ya kukufanya uulize tena. Wenye wapenzi wanahesabu hela. Wasio nao wanahesabu siku, tarehe 14 ipite watu wapumzike.

Mimi sina ugomvi na waridi. Kwanza ni la kwetu. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza mawaridi mengi zaidi Ulaya, na mengi yanatoka kwenye mashamba ya Naivasha, yanapanda ndege Nairobi, mengine yanapitia kwenye mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi. Kwa hiyo bwana wa Brussels anayempa mkewe waridi siku hiyo huenda anampa kipande cha jua la Afrika Mashariki. Zawadi nzuri tu. Ila ni ua lililopandishwa ndege likaikwepa baridi.

Mwezi huu nataka tuzungumze kuhusu maua ya aina nyingine. Yapo maua yanayochanua hukohuko Ulaya, nje, mwezi huuhuu wa Februari, barafu ikiwa bado chini na mti wenyewe hauna hata jani moja. Usigeuze ukurasa ukidhani nimehamia kwenye kilimo! Twende taratibu, utaona ninakoelekea.

Giza lililoingia mpaka sebuleni

Februari ya mwaka jana nilikuwa Ubelgiji kwa mdogo wangu, anayeishi na mumewe nje kidogo ya mji wa Antwerp. Ninyi mnaosoma gazeti hili mkiwa Ulaya hamhitaji kuelezwa. Jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na likichomoza lenyewe linaonekana kama taa ya koridoni. Ndugu yetu mmoja wa Lubumbashi niliyekutana naye Matonge, ule mtaa wa Wakongomani pale Brussels, aliniambia kwa Kiswahili chao kitamu: "Dada, baridi ni ya koti tu. Giza njo inachokesha."

Nyumbani kwa mdogo wangu giza lilikuwa limeshaingia mpaka sebuleni. Shemeji anaamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini kwenye ghala. Mdogo wangu anafanya kazi ya kutunza wazee, akitoka hapo anakwenda darasa la Kiholanzi, anarudi saa tatu usiku na kumkuta mwenzake ameshalala. Chakula kinaachwa kimefunikwa na sahani. Mazungumzo yao yote yalikuwa juu ya bili ya gesi na nani alisahau kutoa takataka. Hakuna aliyepiga kelele. Kiukweli ningefurahi kama wangepiga.

Siku ya tatu, akiwa anaosha vyombo, akaniambia bila kugeuka, "Dada, nimeshaulizia tiketi. Mwezi wa tatu narudi nyumbani."

Nikamuuliza, "Amekufanyaje?"

"Hajanifanya kitu. Ndiyo shida yenyewe. Hakuna kitu. Tumekauka."

Mwenzangu, nina shahada ya mawasiliano na kila mwezi ninasoma barua zenu za mapenzi, lakini pale jikoni sikuwa na jibu la kumpa. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta vyombo.

Mti uliochanua bila jani

Jumamosi shemeji akawa na zamu. Jirani yao, mama mmoja mtu mzima, akatushauri twende Kalmthout, safari fupi ya treni kaskazini mwa Antwerp, karibu na mpaka wa Uholanzi. Kuna bustani ya miti pale, takribani hekta 12, na alisema maua yapo. Mdogo wangu akacheka ile cheko ya mtu aliyechoka. Maua gani Februari?

Basi bwana, tukaenda. Ardhi ngumu, nyasi zimefifia, miti mikubwa yote imesimama kama mifupa. Halafu tukapiga kona, na mbele yetu kukawa na miti midogo ya kimo cha mpera, matawi yametanuka kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, na kila tawi limejaa rangi. Njano ya ndimu iliyoiva. Rangi ya shaba iliyosuguliwa. Nyekundu ya matofali. Na hakuna jani. Kila ua lina petali nne nyembamba zilizokunjamana, kama mtu amechana utepe kwa mkono akaufunga kwenye tawi. Ukisogeza pua, mengine yananukia utamu wenye viungo ndani yake.

Mti huu unaitwa hamamelisi. Waholanzi na Wajerumani wote wameingiza neno uchawi katika jina lake, na ukiuona huwalaumu.

Nilichokipenda zaidi ni tabia yake. Usiku wa baridi kali petali zile zinajikunja na kujiviringisha ndani. Baridi ikilegea, zinajikunjua tena. Ndiyo maana ua lake linaweza kudumu wiki kadhaa katika hali ya hewa ambayo ingelimaliza waridi kwa usiku mmoja. Halishindani na baridi. Linajikunja, linangoja, linafunguka.

Wala haliko peke yake. Bustani za Ulaya mwishoni mwa majira ya baridi zina jamii nzima ya maua ya namna hii. Kuna mti wa hazeli, unaoning'iniza mikia midogo ya njano iliyojaa chavua. Huo unategemea upepo, na unachanua bila majani kwa sababu majani yangeuzuia upepo kusambaza chavua. Kuna sarkokoka, kichaka kifupi chenye viua vyeupe usivyoweza hata kuviona vizuri, lakini harufu yake inakudaka ukiwa mbali, unaanza kugeukageuka kutafuta nani amepaka manukato. Kunukia huko kuna sababu yake. Msimu ule wadudu ni wachache sana, na ua linalotaka kutembelewa lazima liite kwa sauti ya juu.

Kazi ilifanyika kiangazi

Sasa hapa ndipo nilipotaka tufike. Ukiliona ua la hamamelisi Februari unaweza kudhani limezaliwa wiki ile. Hapana. Tumba lake lilitengenezwa kiangazi kilichopita, wakati mti una majani ya kijani, jua lipo hadi usiku, na hakuna anayefikiria baridi. Majani yanapopukutika, matumba yanabaki kwenye matawi, madogo, ya kahawia, yamejibana. Mpita njia anaona fimbo tupu. Kila kitu kimo ndani ya fimbo ile.

Na baridi yenyewe ina kazi yake. Miti mingi ya nchi za baridi haifungui matumba mpaka ipate kiasi chake cha baridi. Mtufaha ni mfano mzuri. Aina nyingi zinahitaji mamia ya saa za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo zichanue sawasawa. Ndiyo maana mche wa tufaha ulioletwa kutoka Ulaya ukiupanda Kariakoo utakupa majani na masikitiko tu. Hata mwembe wetu, ambao hautaki barafu kabisa, unasaidiwa kuchanua na ule ubaridi wa usiku wa katikati ya mwaka.

Lakini tusikilizane vizuri. Baridi haitengenezi ua kutoka hewani. Kama kiangazi mti haukuweka tumba, Februari itapita na hakuna kitakachochanua. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mti utatoa maua, usiulize leo kuna baridi kiasi gani. Uliza kiangazi ulifanya nini.

Nikamuuliza mdogo wangu swali hilohilo, tumekaa kwenye benchi na chai ya kwenye kikombe cha karatasi. Kiangazi chenu cha kwanza hapa mlifanya nini?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema shemeji alimfundisha kuendesha baiskeli. Mwanamke wa miaka 29, hajawahi kupanda baiskeli maishani, kando ya mto Scheldt. Kila jioni shemeji anakimbia pembeni ameshika kiti, anahema, anamwambia "nimekushika, nimekushika," mpaka siku moja akageuka akakuta shemeji yuko nyuma kabisa, amesimama, anapiga makofi. Akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu nifike.

Maua yaliyopatikana kwenye magugu

Bustani ile nayo ina hadithi yake, na kwa ukurasa kama wetu siwezi kuiacha.

Ilianza mwaka 1856 kama kitalu cha miche cha Charles Van Geert. Mwaka 1896 ikanunuliwa na Antoine Kort, mtu aliyependa miti kuliko biashara, na ndiye aliyechanganya mbegu za hamamelisi ya Japani na ile ya China. Baadaye kitalu kikadorora, kikaachwa, magugu yakatawala. Mwaka 1952 ndugu wawili wafanyabiashara wa almasi wa Antwerp, Georges na Robert de Belder, wakalinunua eneo lile. Mwaka 1954 akafika hapo binti mmoja mtaalamu wa mimea kutoka iliyokuwa Yugoslavia, Jelena Kovačič. Robert na Jelena wakaoana, na maisha yao yakawa bustani hiyo.

Miongoni mwa miti iliyobaki tangu enzi za Kort kulikuwa na hamamelisi zake. Mtu mwingine angeona kichaka cha kufyekwa. Wao walichagua mmoja wenye maua ya rangi ya shaba, ukaitwa 'Jelena'. Mwingine mwekundu ukapewa jina la binti yao, 'Diane'. Robert alifariki mwaka 1995 na Jelena mwaka 2003, lakini miti hiyo miwili leo inapandwa kwenye bustani za watu katika nchi nyingi, na kila Februari inachanua. Fikiria, mwanamume muuza almasi, na kinachobeba jina la mkewe mpaka leo ni mti ambao mbegu yake ilipandwa na mtu mwingine, ukakaa miaka kwenye magugu ukingoja mtu wa kuutazama.

Mkasi na ukucha

Watunza bustani wa Ulaya wanajua kosa moja la kawaida. Kuna kichaka kinaitwa forsithia, kinachofunikwa na maua ya njano mwanzoni mwa machipuko. Maua yake yanatoka kwenye matawi yaliyokua mwaka uliotangulia. Sasa mtu anaona Novemba kichaka kimekaa vibaya, hakina jani, hakina sura. Anachukua mkasi, anapogoa, bustani inapendeza. Machipuko yanafika, majirani wote wana njano, yeye ana majani tu. Anakilaumu kichaka. Kumbe maua aliyakata mwenyewe Novemba akayatupa na takataka. Forsithia hupogolewa baada ya kuchanua, siyo kabla.

Ni wangapi kati yetu tunashika mkasi Novemba? Maamuzi makubwa ya mapenzi tunayafanya katika msimu mbaya kuliko yote: baada ya kupunguzwa kazi, mtoto wa miezi mitatu halali, mkopo wa benki unakaba, mmoja yuko Dodoma na mwingine Dar. Tunatazama tawi, halina kitu, tunasema limekufa.

Mtunza bustani habahatishi. Anakwaruza gome la tawi dogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa na kijani kibichi, tawi liko hai, hata kama kwa juu linaonekana kuni. Kukiwa na kahawia kavu, na tawi linakatika kwa mlio ukilipinda, hapo limekufa, na tawi lililokufa hukatwa. Halibembelezwi.

Nasema hivyo makusudi, kwa sababu sitaki dada yangu yeyote akate ukurasa huu aubandike ukutani kama sababu ya kuvumilia kipigo. Anayekupiga, anayekutisha, anayekunyang'anya mshahara wako, hiyo siyo baridi inayopita. Usisubiri machipuko. Toka, tafuta msaada kwa ndugu, kwa polisi, kwa wanasheria, kwa yeyote unayemwamini. Uvumilivu ninaouzungumzia hapa ni wa watu wawili waliochoka, siyo wa mmoja anayeumizwa.

Lakini kama ni uchovu? Kwaruza kwanza. Kwangu mimi ukucha ni maswali madogo. Ukipata habari njema, bado ni yeye unayetaka kumwambia wa kwanza? Akichelewa kurudi, una hasira tu au na wasiwasi umo? Ukikumbuka kiangazi chenu, unacheka?

Mdogo wangu alikwaruza. Hakuichana tiketi, maana hata hakuwa ameinunua. Jioni ile alimsubiri shemeji mlangoni akamwambia neno lilelile aliloniambia mimi jikoni: tumekauka. Shemeji akakaa chini na koti lake mwilini, akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeona." Wakaongea mpaka saa saba usiku. Mimi nilikuwa chumbani najifanya nimelala. Wiki iliyofuata shemeji akaomba kubadilishiwa zamu ili wawe na siku moja ya mapumziko inayogongana. Hawajawa malaika. Takataka bado zinasahauliwa na bado wanagombana juu yake. Lakini Machi ilikuja na kupita, na mdogo wangu yuko kwake.

Jihadhari na joto la uongo

Jambo moja la mwisho, kwa sababu ya tarehe 14. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchunguzi wa aina 406 za mimea ya Uingereza, kwa kumbukumbu zinazorudi nyuma hadi 1753. Waligundua kwamba tangu mwaka 1987 mimea hiyo inachanua karibu mwezi mmoja mapema kuliko zamani, kwa sababu dunia imepata joto. Inasikika vizuri mpaka usiku mmoja baridi irudi. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa Aprili 2021. Joto la Machi liliamsha mizabibu na miti ya matunda mapema, kisha baridi kali ikashuka. Wakulima waliwasha moto mashambani usiku kucha, na bado wengi walipoteza mavuno.

Chakula cha usiku cha bei mbaya baada ya miezi mitatu ya kununiana ni joto la siku moja. Kuleni, furahini, lakini msidhani machipuko yamefika. Kama kuna mazungumzo mnayakwepa, bado yanawangoja nyumbani mkivua viatu.

Na wewe ambaye mambo yako ni mazuri sasa hivi, wewe ndiye ninayekutaka zaidi. Uko kiangazi. Matumba ya mwaka kesho yanatengenezwa leo. Mfundishe baiskeli. Mpeleke kwa mama yako bila sababu. Jifunzeni kuongea juu ya fedha wakati fedha zipo.

Kwa ninyi mlioko Ulaya, kuna desturi ya zamani ya Wajerumani. Tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, watu hukata kitawi cha mcheri, kikavu kabisa kwa kutazama, wakakiweka kwenye maji ndani ya nyumba. Kikichanua kabla ya Krismasi, mabinti waliamini ndoa ipo mwaka unaofuata. Mwezi huu mnaweza kufanya hivyo kwa forsithia. Kateni vitawi viwili vitatu, wekeni kwenye chombo cha maji sebuleni, mpe wiki moja hadi tatu. Badilisheni maji kwa zamu, leo wewe, kesho yeye.

Sisi tulioko nyumbani tutangoja miembe. Niandikie uniambie kiangazi chenu kilikuwa kipi, nitachapisha zile zitakazonichekesha. Tukutane Machi, panapo majaliwa.